Mstari Uliomezwa

Kazi yangu ni kuharibu kazi za wenzangu kabla wateja hawajaziharibu. Ndiyo maana pale ofisini wengi hawanipendi, na anayeongoza ni Rahisi. Jina hilo tulimpa sisi, maana kwake kila kitu lazima kiwe chepesi.

Tunatengeneza programu ya simu ya zahanati. Ukigusa jina la dawa, kinafunguka kidirisha chenye ukurasa wa maelezo. Zamani kukijaza kidirisha hicho kulikuwa na njia tatu, kila moja na masharti yake, na mafundi walilalamika kutwa. Rahisi akaja na amri moja tu, "onyesha". Uipe anwani ya mtandaoni, uipe faili, uipe maandishi, itajua yenyewe la kufanya. Ofisi nzima ilimpigia makofi. Toleo jipya likatoka asubuhi, mimi hata sijamaliza kulijaribu.

Mchana nikafungua maelezo ya dawa ya kikohozi. Muuguzi, ambaye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandaoni, haijui hata kwa kuisikia, alikuwa ameandika kwa mkato wake wa kila siku:

Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. <mwaka mmoja asipewe.

Kidirishani ilionekana sentensi ya kwanza tu.

"Rahisi, hebu njoo."

Akainama. "Si kimefunguka?"

"Nusu nyingine iko wapi?"

Akakodoa macho. "Ile alama ya 'chini ya'," akasema polepole. "Onyesha imechukulia yote ni HTML. Ikadhani pale inaanza alama ya ukurasa, ikameza mpaka mwisho."

"Bila kusema chochote?"

"Nilitaka isimsumbue mtu."

Nyumbani mume wangu alikuwa amebaki na binti yetu wa miezi saba, aliyeamka anakohoa. Kabatini ilikuwemo chupa ya dawa hiyohiyo, iliyobaki kaka yake alipougua. Na mume wangu si mtu wa kubahatisha. Hatoi dawa bila kusoma maelezo, na maelezo anayoyaamini ni yale ya programu ya mke wake.

Nikapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, Rahisi amesimama kando yangu, uso umemshuka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Hatimaye akapokea, akinong'ona.

"Mke wangu, ongea taratibu, amelala."

"Umempa dawa?"

"Kijiko kimoja, vilevile mlivyoandika. Kikohozi kilimsumbua kweli, ila sasa katulia kabisa."

"Mwamshe."

"Jamani, ndiyo kwanza amepata usingizi..."

"Mwamshe, nakwambia! Sasa hivi!"

Kwanza alimwita kwa kubembeleza. Kisha kwa sauti kubwa. Kisha akaacha kumwita, nikasikia mlango ukigonga ukuta na miguu yake ikikimbia ngazini.