Kola ya Mwalimu

Mimi ni fundi cherehani, na sifichi: nguo zangu huchelewa. Mteja akija namwambia kesho. Kesho akija, namwambia umeme ulikatika. Lakini karatasi za hospitali sicheleweshi hata siku moja, ndiyo maana ile barua ilinipandisha mori.

Mume wangu, Baba Pacha, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo miezi mitatu iliyopita. Bima anayo, kazini kwao wanamkata kila mwezi. Sasa hospitali wanaandika kwamba bima imekataa kulipa kwa sababu madai yaliifikia baada ya siku sitini, hivyo tulipe wenyewe, pesa zote, kabla ya Ijumaa. Zote! Kitu pekee nyumbani kwetu kinachokaribia bei hiyo ni cherehani yangu inayokaa nyuma ya pazia, na mnunuzi alishapatikana. Kila nikiitazama machozi yananilenga. Wanangu wanakula kwa cherehani ile.

Nikaenda dirisha la malipo. Karani, binti mwenye kucha ndefu, akafungua faili.

"Mama, ulichelewa kutuletea fomu."

"Nani, mimi? Mgonjwa alitoka tarehe tatu, tarehe nne asubuhi nilisimama hapa hapa! Mkagonga muhuri, mkanipa nakala."

"Basi ilete hiyo nakala. Muhuri ukionyesha tarehe hiyo, kosa ni letu, na deni linafutwa. Bila nakala..." Akainua mabega. "Mafundi nyie nawajua. Kesho, kesho."

Nikanywea. Nikashika njia ya nyumbani.

Nyumbani tulipekua kabati, godoro, hata debe la unga. Baba Pacha, na mshono wake wa tumboni, akaingia uvunguni. Hakuna kitu. Ndipo nikakumbuka, nikajishika kichwa. Nakala ile ilikuwa karatasi ngumu, safi, na mimi karatasi ngumu siiachi. Niliikata nikaifanya kipimo cha kola na cha mfuko.

"Kola ya nani?" akauliza Baba Pacha.

Kabla sijajibu, hodi mlangoni. Ilikuwa Jumatano, na kila Jumatano Mwalimu wa shule ya jirani alikuja kudai blauzi yake.

"Fundi, leo sitaki maneno. Nipe kitambaa changu nimpelekee fundi mwenye haya."

Nikamkumbatia. Akadhani nimerukwa na akili. Nikapindua kapu la viporo, na chini kabisa kikatoka kitambaa cha maua ya bluu, kimekatwa, hakijashonwa, vipimo vya karatasi bado vimebanwa juu yake kwa pini. Kwenye kola, muhuri mzima na tarehe yake. Kwenye mfuko, jina la Baba Pacha.

"Ningekushonea kwa wakati, Mwalimu, karatasi hii ingekuwa jalalani zamani!"

"Kwa hiyo nikushukuru?"

Mwalimu hakukubali kitambaa kitoke machoni pake, tukaenda naye, Baba Pacha akabaki nyumbani. Dirishani karani akaweka kola kando ya mfuko, kingo zikakutana. Akaingia ndani, akakaa, akarudi na msimamizi wake aliyeshika fomu yetu yenyewe, imejaa vumbi. Ilikuwa imelala chini ya rundo lao miezi miwili kabla ya madai kutumwa.

"Tulichelewa sisi kuituma, mama. Hamdaiwi chochote. Tusameheni." Msimamizi akaandika barua, akaigonga muhuri.

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali njia nzima. Nikafungua mdomo, nikamwona Mwalimu ananitazama. Nikaufunga.

"Mwambie mnunuzi asije," nikampigia simu Baba Pacha tulipotoka, na hapo nikalia, barabarani, bila aibu. Mwalimu akanishikia mkoba mpaka nikamaliza.

"Pole, fundi. Haya, blauzi yangu lini?"

Kesho ikanifika kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza.

"Twende ukae kwenye benchi. Utaondoka umeivaa."

Akanitazama juu mpaka chini. "Na umeme ukikatika?"

Siku ile sikuwa na nguvu ya kumdanganya mtu.

"Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, Mwalimu," nikasema. "Haijawahi kutumia umeme."