Mgeni Asiyejua Kula Mlenda

Utafiti ule ulitaka mkoa wa Dodoma utazamwe kwa macho manne kwa mpigo. Dokta Generosa, mkuu wa msafara, alikuwa mtu wa sayansi ya siasa na alitaka kujua nani anaamua nini kijijini. Stanley wa uchumi aliulizia ng'ombe na magunia. Violeth wa sosholojia alichimba nani kaoa wapi na nani hasemeshani na nani. Jicho la nne lilikuwa Zipora, wa historia, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya maisha ya watu: ulizaliwa wapi, ulilelewa na nani, na wewe mwenyewe umelea nani. Wasomi hao waliweza kukueleza ukoo wa mtu wasiyemjua, lakini hawakujua hata kidogo kwao Zipora ni wapi.

Zipora alikuwa Mgogo, mwenyeji wa Dodoma hiyo hiyo, lakini wenzake walimjua kama mtu wa Kilosa, mkoa wa Morogoro. Mwaka wa kwanza chuoni kijana mmoja alipiga porojo kuhusu Wagogo na kuombaomba, darasa zima likaangua kicheko, na Zipora akacheka nao. Angenyamaza tu ingetosha, lakini alicheka, tena kwa sauti. Alipoulizwa kwao ni wapi, mdomo ukasema Kilosa kabla kichwa hakijaamua. Uongo wa namna hiyo haumtoki mtu kirahisi. Ikabidi awe wa Kilosa kesho yake pia, na mwaka uliofuata, hadi jina la ukoo akalifupisha likabaki herufi moja.

Kijiji kilichopangwa kilikuwa upande wa Bahi, ila mvua ikakata barabara. Asubuhi, ofisini Makole, mjini Dodoma, Dokta Generosa akatangaza kwamba wanageuza njia, watakwenda kijiji kimoja mbele ya Buigiri. Zipora alilisikia jina la kijiji, akainamia karatasi zake. Huko ndiko alikolelewa na shangazi yake Evelina, dada wa baba, tangu mama yake alipofariki, yeye Zipora akiwa bado hajaota meno. Krismasi iliyopita alikuwa huko. Kanuni ya utafiti ilikuwa wazi kabisa: mwenye ndugu mahali anasema, anapangiwa kazi nyingine. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini angeisema ingebidi aeleze Kilosa imeingiaje, na Dokta ndiye ambaye angempendekeza kwa nafasi ya kufundisha chuoni. Akajikausha. Akajipa moyo kwamba msimu huu wa palizi shangazi atakuwa shambani.

Shangazi hakuwa shambani. Alikuwa benchi la mbele, pamoja na akina mama waliokuja kuhojiwa, ndani ya kanisa walimokutania, amejifunga kitenge kile kile ambacho Zipora alimletea Krismasi.

Njiani Stanley alikuwa amewafundisha wote kusema "mbukwa", salamu ya Kigogo, na sasa kila mmoja akaitoa kwa zamu, akina mama wakawapigia makofi kwa kuwahurumia. Ilipofika zamu ya Zipora, akaiharibu kusudi. Akaitamka vibaya kuliko hata Stanley, kisha akamwinamia shangazi yake na kusema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," shangazi akajibu. "Karibu, mgeni."

Jirani yake shangazi, uso umejaa furaha, alishafungua mdomo kulitaja jina la Zipora. Shangazi akamgusa goti na kumwambia kwa Kigogo, taratibu, amwache mtoto, ana sababu zake. Benchi zima likasikia na benchi zima likatii. Dokta aliuliza wanasema nini. Mkalimani, mwalimu Gerson wa kijiji jirani, alimtupia Zipora jicho la haraka, akajibu kwamba wanapangana nani aanze.

Akina mama wale walijua Kiswahili vizuri, ila Dokta alipenda kila mtu aseme kwa lugha ya nyumbani, apate uhuru. Basi wakaeleza yao kupitia kwa Gerson. Walisema mji unavyowasogelea, viwanja vinavyopimwa kwenye malisho, vikao vinavyoitwa wakati wao wako kisimani. Shangazi Evelina alisema mengi kuliko wote, na alisema vizuri, hata Dokta akawa anaandika bila kuinua kichwa. Zipora alijikuta anaona fahari, kisha akakumbuka kwamba fahari ile hana haki nayo.

Zamu ya historia ikafika. Maswali yalikuwa yameandikwa naye mwenyewe, hakuwa na pa kukimbilia.

"Mama, umelea watoto wangapi?"

Gerson akatafsiri. Shangazi akajibu, Gerson akarudisha: wawili, wa kiume, Daudi na Sila. Zipora akaandika wawili. Utaratibu ulitaka mtu aulizwe tena, kwa sababu watu husahau wale wasiowazaa wenyewe, na Dokta alikuwa anamsikiliza.

"Hakuna mwingine uliyemlea, ambaye hukumzaa?"

Shangazi hakuyaondoa macho kwake. Alisema kwa Kigogo, kwa sauti ya kawaida, "Mwambie aandike anavyotaka yeye."

Gerson akamgeukia Dokta. "Anasema hakuna."

Zipora akaandika hakuna. Akina mama wakaangalia sakafu, kila mmoja, utadhani wao ndio waliokosa. Hakuna aliyemtazama kwa ubaya, na aibu ikamvaa mwili mzima, akatamani ardhi ipasuke immeze na karatasi zake.

Mchana wakakaribishwa ugali wa uwele na mlenda, mboga ya utelezi, nyumbani kwa shangazi. Stanley aliuona mlenda unavyovutika kutoka kwenye bakuli, akaomba chai. Violeth alijaribu, ukamchirizika mpaka kwenye kiwiko, wakacheka wote. Zipora alikuwa na njaa, na bakuli lile angelimaliza amefumba macho. Badala yake akaushika ugali kwa ncha za vidole na kuuacha mlenda umdondokee kwenye sketi. Ukishaanza unafiki inabidi uufikishe mpaka mezani.

Shangazi alisogeza kigoda, akamshika mkono. Akamwonyesha mbele ya wote: unamega, unafinyanga, unabonyeza kwa dole gumba, unachota, unazungusha kiganja mlenda ukatike. Alimwonyesha kwa subira, kama alivyomwonyesha zamani kwenye mkeka huo huo waliokalia. Mkono wake haukuwa na hasira hata kidogo. Angemfinya, Zipora angepata nafuu.

"Anajifunza upesi," Dokta alisema, ameridhika.

Walipoaga, akina mama wakawasindikiza hadi kwenye gari. Iddy, dereva, alishawasha injini. Shangazi akampa kila mmoja mkono, na Zipora akapewa mkono ule ule aliopewa Stanley, wa kushika na kuachia. Hapo uvumilivu ukamwishia. Akaanza kuongea Kigogo, mbele ya Dokta na mbele ya wote, kile cha kwao hasa. Alimwita shangazi. Alisema amekosa, hana la kujitetea, anaomba msamaha.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Dokta Generosa, na akazungumza Kiswahili kilichonyooka kabisa.

"Mmemfundisha vizuri mtoto wenu," alisema. "Siku moja tu, na lugha yetu ameshaijua."

Stanley akapiga makofi. Dokta akasema hivyo ndivyo mtafiti anavyotakiwa kuwa, na wakapanda garini. Walipokwisha kuondoka, Violeth akataka kujua alimwambia nini yule mama.

"Nimemwomba msamaha."

"Kwa ule mlenda?" Violeth akacheka.

"Yule ni shangazi yangu," Zipora alisema. "Amenilea. Mimi kwetu ni hapa."

Kicheko kikakatika. Iddy akapunguza mwendo. Dokta, kiti cha mbele, akafunga jalada lake bila kugeuka nyuma. Zipora ndiye aliyegeuka. Kila alipoondoka kurudi chuoni, shangazi alikuwa akisimama ukingoni mwa barabara, mkono juu, mpaka gari lipotelee kwenye kona. Wageni ndio husindikizwa, wakaagwa, yakaisha. Kona ilikuwa bado mbali, na barabarani hapakuwa na mtu. Shangazi alikuwa ameshawapa mgongo, anarudi nyumbani kwake.