Msumari wa Nakonde

Mzee Zebedayo alikuwa amekalia debe, na kwenye debe hilo, chini kabisa ya makalio yake, palikuwa na tundu la msumari. Afande Tabita akiliona tu, kwisha habari: leo analala mahabusu.

Yote yaliletwa na mdomo wake. Jana, kwenye kijiwe cha kahawa pale Tunduma, fundi huyu mstaafu alijigamba kwamba mtambo wake umerusha msumari ukavuka mpaka bila pasipoti, ukatua Nakonde, upande wa Zambia, ndani ya sahani ya nshima, ugali wa huko, na mwenye nshima akautafuna akidhani ni firigisi. Watu walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Leo polisi yuko uani.

"Bunduki iko wapi, mzee?"

"Bunduki tena, afande mwanangu? Mtambo huu narushia tu kamba ya antena juu ya mkaratusi."

"Na hizi reli mbili?"

"Hiyo ni aina nyingine. Umeme unapanda reli hii, unapita ndani ya kipande chenyewe cha shaba, unarudi kwa reli ile, na huko kupita ndiko kunakisukuma. Ila inataka umeme mwingi kupindukia. Wangu wa betri za lori ulikigandisha palepale." Akakivuta kile kipande. Hakikutikisika. Na hilo, angalau mara hii, halikuwa uongo.

"Na hili bomba lililozungushiwa waya?"

Mzee akajibana kwenye debe. "Hiyo koili. Haisukumi, inaita. Inageuka sumaku, inauvuta msumari mpaka katikati."

"Halafu?"

Hapo kwenye halafu ndipo ilipolala siri. Koili ikizidi kuita, msumari ukipita katikati unarudishwa nyuma. Lazima inyamaze kwa wakati wake. Kazi hiyo aliipa kijicho cha mwanga alichokitoa kwenye printa mbovu: msumari ukikatiza mwanga, umeme unakatika, msumari unajiendea zake. Asubuhi ulijiendea hadi ndani ya debe.

"Fyatua nione," alisema Afande Tabita. "Ukitoboa ubao ule ulioegemea ukuta, tunaondoka wote."

Ishaka, dereva wa lori aliyekuwepo kijiweni jana, alikuwa ameegemea geti. "Fyatua, babu! Au ulitupiga kamba?"

Zebedayo akanyoosha mkono bila kunyanyuka. Kwa ncha ya kidole akakisogeza kijicho taratibu hadi mwisho wa bomba, mahali ambapo msumari usingefika.

"Huo mkono unafanya nini?"

"Napangusa vumbi, afande."

Afande akasogea. Akakitazama kidole, akautazama uso. Jasho lilimteremka mzee mgongoni kama siafu.

"Haya."

Mzee akatia msumari mwingine mdomoni mwa bomba, akabonyeza. Tak! Msumari ukaingia, ukapitiliza kidogo, ukarudi, ukayumba mara mbili, ukatulia katikati. Waya ukaanza kunuka. Mkono wa mzee ukaikimbilia swichi.

"Usizime!"

Moshi ukapanda. Afande alingoja, macho kwenye ubao. Ubao ulikuwa mzima.

Ishaka akapasua kicheko. "Umekwama kama lori kwenye foleni ya mpakani! Huo ndio uliofika Nakonde? Haujatoka hata kwenye bomba!"

"Zima, mzee, usije ukaunguza nyumba," alisema Afande, akafunga daftari na kuondoka.

Hajafika hata getini, mdomo wa Zebedayo ukaanza kufunguka wenyewe. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini: ningekiacha kijicho mahali pake, mngeona! Yangekuwa matano tu, sita. Ishaka bado anacheka. Nani atavumilia?

Atuganile, mkewe, ndiye aliyeuchomoa ule msumari kwenye debe asubuhi. Akatoka jikoni mbiombio na kipande cha muhogo kilichotoka kwenye maji yanayochemka, akamtia mdomoni.

"Kula, baba. Kula polepole."

Akatafuna, machozi yakimtiririka, mpaka pikipiki ya polisi ikasikika ikiishia kule barabarani. Ishaka naye akaenda zake, akicheka njia nzima.

Zebedayo hakunyanyuka kwenye debe mpaka muhogo ulipokwisha.