Kicheko cha Juu ya Paa

Mhariri wa filamu aliyeitwa Mama Mkasi hakuwahi kushika mkasi kazini hata siku moja. Alikata picha kwa kompyuta kama wenzake wote. Jina lilimganda kwa sababu hakuwa na huruma: mwongozaji akimletea masaa ya picha alizozitolea jasho, yeye humrudishia dakika chache, na kila anayezitazama huapa kwamba hakuna kilichopungua. Alijijua kuwa ni hodari, na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Kwa hiyo hakushangaa asubuhi moja mumewe wa zamani, mwongozaji wa filamu, alipobisha hodi ofisini kwake akiwa amekumbatia kisanduku cha picha zake kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Mama Sisimizi," alisema, "nimewaonyesha watu mwanzo wa filamu yangu. Kabla binti yetu hajatokea, nusu ya ukumbi walikuwa wanatazama simu."

"Na nusu nyingine?"

"Walikuwa wanakula."

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapigano na kukimbizana. Binti yao, ambaye nyumbani aliitwa Sisimizi kwa sababu tangu alipoanza kutambaa hakuna kabati ambalo hakulipanda, ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu. Katika mwanzo huo alikuwa mjumbe wa siri anayekimbizwa na majambazi juu ya mapaa ya vigae, mkoba ukiwa mgongoni.

Walitazama pamoja. Kamera ilielea juu ya mji, ngoma zikapigwa kama za vita, majina ya watu yakapita. Mlango ukalipuka. Ukalipuka tena kutoka upande wa pili, kisha mara ya tatu taratibu, vipande vikiogelea hewani. Hapo ndipo Sisimizi alipotokea akikimbia, mdogo kama nukta.

"Unapiga ngoma na hakuna anayecheza," alisema Mama Mkasi.

"Filamu ya mapigano lazima ianze kwa kishindo."

"Kishindo cha nani? Huyu mtu simjui. Anachokimbia sikijui. Huo mlango ukilipuka mara tatu au mara kumi, mimi unanihusu nini? Niachie picha zote, hata zile ulizotupa."

"Zimo humo zote."

"Haya. Kanywe chai, na usinipigie simu."

Alianza na giza. Katika giza hilo aliweka sauti peke yake: viatu vinavyopiga vigae, na mtu anayehema. Alijua kwamba mtazamaji akisikia kabla ya kuona, shingo hunyooka yenyewe. Kisha akampa vitu vidogo, kwa karibu kabisa: mkono unaokaza mkanda wa mkoba, kisigino, kigae kinachotikisika, shingo yenye jasho. Uso aliuficha. Wacha wajiulize ni nani, alijisemea, huku akitabasamu peke yake.

Majambazi aliwachukua kwenye zile picha ambazo kamera ilikuwa imelazwa chini, ili waonekane wakubwa kama minara. Binti akamchukua kwenye picha za kamera ya begani, iliyotikisika nyuma yake kana kwamba nayo inakimbizwa. Kila alipokata alihakikisha Sisimizi anaelekea kulia, maana angegeukia kushoto hata mara moja, watu wangedhani anarudi kwa adui zake. Vipande alivifupisha kadiri mbio zilivyokolea, mpaka jicho likakosa pa kutua. Halafu ghafla akaweka picha moja ya mbali, iliyotulia: paa refu, anga, na binti peke yake. Ngoma zote alizing'oa. Alibakiza mngurumo mzito tu, ule ambao tumbo huusikia kabla ya masikio.

Kazi ilikwenda kama maji. Kesho yake, akitafuta picha ya kuruka kutoka paa moja hadi jingine, alifungua kipande kisichokuwa na alama yoyote. Sisimizi alikuwa akikimbia kwenye ukingo. Kigae kikachomoka. Mguu ukateleza, mwili ukafuata, na binti akatoweka, ikabaki mikono miwili tu iliyong'ang'ania mfereji wa mabati wa maji ya mvua. Kamera iliendelea kuchukua. Kamba ya kumzuia asianguke haikuwepo.

Roho ilimruka Mama Mkasi. Alisimamisha picha, akaenda dirishani. Wiki chache nyuma binti alikuja nyumbani na kiwiko kilichochubuka, akasema amejikwaa ngazini, naye akampaka dawa huku akimcheka.

Alimpigia simu mwongozaji.

"Kamba ilikuwa wapi?"

"Kamba gani?"

"Baba Sisimizi, nakuuliza, kamba ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa inaonekana kwenye picha," alijibu kwa sauti ndogo. "Tuliifungua kwa ajili ya kipande hicho kimoja tu. Nilikosea. Tangu siku ile usingizi wangu ni wa kubabaisha."

"Na hukuniambia."

"Nilikuogopa. Hata kwenye mwanzo wangu sikuiweka picha hiyo, kwa kukuogopa wewe." Kisha akaongeza, "Lakini kama umeshaiona... si ndiyo picha kali kuliko zote?"

Alimkatia simu.

Alimaliza mwanzo bila kipande kile. Sababu alikuwa nayo, tena nzuri, ya kusemwa mbele ya mkutano wowote: mtazamaji akimwona mtu anateleza kweli, atamhofia mwigizaji na kumsahau mjumbe. Aliirudia sababu hiyo moyoni mara kadhaa, akiosha vyombo na akifunga madirisha. Kisha akamwita binti aje atazame.

Sisimizi alifika Jumamosi mchana, akakalia mkono wa kiti kama kawaida yake, maana kukaa kitini sawasawa kulimshinda tangu utotoni. Alitazama bila kupepesa.

"Mama, huu ni moto! Nimejiogopa mwenyewe." Alisogea karibu na kioo. "Lakini nateleza wapi?"

"Hutelezi."

"Mama."

"Haiendani na mwendo. Hapa nimejenga kasi, na ile ni picha ndefu. Itaua mbio zote."

"Ungekuwa hunijui, ungeitoa?"

Mama Mkasi alikuwa mtu wa majibu, waongozaji wakubwa waliwahi kutoka ofisini mwake wakiwa wamekubali mambo waliyokuja kuyakataa. Safari hii aligeuza maneno.

"Ulinidanganya," alisema. "Ati ngazini!"

"Nilikudanganya, nisamehe. Ningekwambia ukweli ungekuja kunitoa kwenye filamu kwa sikio."

"Kwa yote mawili."

"Unaona? Lakini mama, niliushika ule mfereji. Baba na wenzake wanafika mbio, mimi nimeshapanda. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na wewe umeifungia kabatini."

Mama aliwasha tena kile kipande. Ndipo alipogundua kwamba hakuwa amekitazama mpaka mwisho. Safari hii alishika ukingo wa meza na kuendelea kutazama. Mikono ilikaza. Kiwiko kimoja kikapanda juu ya vigae, kisha kichwa, kisha mwili mzima, na binti akajilaza chali, kifua kikipanda na kushuka. Halafu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kukwaruza, cha mtu aliyejipapasa na kujikuta bado yupo. Baada yake tu ikasikika sauti ya baba akipiga kelele, na miguu ya watu wanaokimbia.

"Umecheka," alisema Mama Mkasi.

"Sijui kwa nini. Kilinitoka tu."

Mhariri alivuta kiti. Hofu ilikuwa ingali kifuani, lakini mikono ilikuwa imeshaanza kazi. Alikuwa amejenga mbio nzuri sana za mtu yeyote, na sasa amepata mtu. Mjumbe anayening'inia juu ya kifo kisha akacheka! Ungeweza kumwandikia maneno ukurasa mzima asijulikane vizuri kiasi hicho. Na mwanzo wa filamu kazi yake ni hiyo, watu wamjue mtu wao kabla hajasema neno.

Alikiweka kipande chote bila kukikata. Pale kigae kinapochomoka alizima ule mngurumo, ukabaki mlio wa mabati yanayolalamika. Akaongeza sauti ya kigae kikipasuka barabarani, lakini aliichelewesha, ili kila anayesubiri aujue urefu wa lile jengo bila kuonyeshwa. Uso wa binti, uliofichwa muda wote, ulionekana kwa mara ya kwanza kwenye kile kicheko. Kabla baba hajapiga kelele, giza, na jina la filamu.

"Hapa katikati hukati kabisa?" aliuliza Sisimizi.

"Sikati. Wacha wateseke kama nilivyoteseka mimi."

Waliuonyesha mwanzo huo mpya katika ukumbi uleule, wiki iliyofuata, saa za mchana. Mama Mkasi alisimama nyuma kabisa. Hakuitazama filamu, aliwatazama watu. Giza lilipokuja na viatu vikaanza kupiga vigae, simu zilizimika moja baada ya nyingine. Mtu mmoja aliacha mkono wake umesimama njiani, kati ya mfuko wa karanga na mdomo. Kigae kilipochomoka, mwanamke wa mstari wa mbele alimkamata mkono jirani asiyemjua. Ukumbi wote ulisubiri, ukasikia kigae kikipasuka chini kabisa. Na Sisimizi alipocheka, walicheka naye, kisha wakapiga makofi kabla hata jina la filamu halijaonekana.

Mwongozaji alimfuata nyuma, macho yamelowa.

"Niharirie filamu nzima," alisema. "Nakuomba."

"Nitahariri. Lakini tangu leo, binti yangu akipanda juu ya kitu chochote kirefu kuliko kiti, mimi nipo hapohapo. Kamba haifunguliwi. Ikionekana kwenye picha, nitaifuta mwenyewe kwa mkono wangu. Na nikisema simameni, mnasimama, hata kama jua linazama."

"Hilo nimelikubali."

"Sikuwa nauliza."

Basi kazi iliporudi kwenye mapaa, Mama Mkasi alipanda nao, kofia kubwa kichwani, akaikagua kamba kuanzia kiunoni mwa binti hadi kwenye nguzo ilipofungwa, akaivuta kwa uzito wake wote. Wapiga picha walitazamana.

"Mama, unaniaibisha mbele ya watu," Sisimizi alinong'ona.

"Aibika, lakini umefungwa."

Binti alirudi nyuma, akavuta pumzi, akakimbia na kuruka. Kamba ilipita hewani nyuma yake, akatua paa la pili kwa miguu yote miwili, safi kabisa. Watu walishangilia. Baba alijifuta jasho na kumgeukia Mama Mkasi kuona kama amezimia. Mama alikuwa ameinama kwenye kioo kidogo cha kamera, akikunja uso.

"Rudieni," alisema. "Jua limemwingia machoni."