Dume la Mwenyekiti

Ushirika wetu wa pamba una ofisi tatu: Bunda, Butiama, na Bweri kule Musoma. Kompyuta zake zimeunganishwa. Ukipimiwa pamba Butiama, kilo zako zinaonekana Bunda papo hapo. Na kompyuta za ofisi zote tatu zilikuwa zinafunguliwa kwa nenosiri moja: Ngurumo.

Ngurumo ni dume la ng'ombe la mwenyekiti wetu, Mzee Machibya. Hajawahi kuhudhuria harusi asisimame, akainua fimbo na kujigamba kwa jina la dume lake. Watoto wa Manyamanyama wakimwonaga kwa mbali wanaliita hilo jina, naye anawapa pipi.

Dorotea, binti wa Butiama aliyeajiriwa kutunza kompyuta hizo, alimfuata kwa adabu akakataliwa. Akamfuata tena. Safari hiyo nilikuwepo, nimekwenda kulalamikia mbegu mbovu, kama kawaida yangu.

"Mzee, hii paswedi inajulikana mpaka sokoni. Kila mtu apewe ya kwake."

"Binti, hilo jina nalitangaza miaka yote. Leo unataka nilifiche kama ugonjwa?"

Makarani wakacheka. Ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya.

Katikati ya msimu mtu akaingia. Hakuvunja dirisha wala kufuli. Aliandika Ngurumo, akafuta kilo za wakulima wa Bunda na Butiama. Nakala ya akiba haikuwepo; Dorotea alikuwa ameiomba, akaambiwa asilete mikosi.

Mkutano mkuu ukaitishwa. Mzee Machibya akasema mtunza kompyuta ni kama mchungaji: ng'ombe wakiibwa, anaulizwa yeye. Akapendekeza Dorotea afukuzwe na akabidhiwe kwa polisi. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Mimi sisahau. Ghala lilipoungua, walimfukuza mlinzi aliyekuwa ameomba maji ya kuzimia moto. Mizani ilipochezewa, walimfukuza mpimaji aliyeisema. Shule nimeiacha mapema, ila hayo hayakuhitaji shule. Nikasimama.

"Ndugu wanachama, asiyejua jina la dume la mwenyekiti anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mama mmoja wa nyuma akalitamka kwa nguvu, ukumbi ukaangua kicheko.

"Basi huo ndio ufunguo wa ofisi yenu," nikasema. "Mlikuwa nao wote. Huyu binti ndiye peke yake aliyetaka kuubadilisha."

Kicheko kikakatika. Kwa muda mfupi niliamini tumeshinda. Dorotea, aliyekaa mbele ameinamisha uso, aliunyanyua.

Ndipo akasimama Werema, mkulima kama mimi, ambaye kilo zake zote zilikuwa zimefutwa. Nilidhani ananiunga mkono.

"Mugeta," akaniambia, "wewe huna hata mbuzi. Utamcheka mzee kwa ajili ya ng'ombe wake mbele za watu?"

Wakapiga makofi. Kura ikapigwa, si juu ya kompyuta tena. Ilikuwa juu ya heshima ya mzee. Mikono ikainuka ukumbi mzima, na mingi ilikuwa ya watu walioibiwa. Kwa huruma, wakasema, polisi waachwe, afukuzwe tu. Dorotea akaweka funguo za ofisi mezani, akatoka bila kumtazama mtu. Sasa anauza dagaa sokoni Musoma. Ofisi yoyote akiomba kazi, inapiga simu kwanza kwa Mzee Machibya.

Nafasi yake akapewa Revocatus, mpwa wa mwenyekiti. Ushirika ukatangaza kwamba nenosiri limebadilishwa na mtandao sasa ni salama. Tukapiga makofi tena. Siku hizi tunapigaga makofi kwa kila kitu.

Juzi mzee alimwozesha mwanawe huko Kamunyonge. Tulialikwa wanachama wote. Nilikaa meza moja na Revocatus. Chakula kilipoanza kugawiwa, mzee akasimama, akainua fimbo, akasema Ngurumo amezeeka na amenunua dume jipya. Jina lake Tetemeko.

Nikamgeukia Revocatus. Aliinamia sahani yake, akawa anachambua samaki asiyekuwa na miiba.

Wanawake wakapiga vigelegele, na jina likarudiwa na ukumbi mzima, mpaka na wapishi.