Bega la Mama Mkwe

Selestini alikunywa uji wa muhogo akiwa amesimama, kikombe mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukipapasa mfukoni. Alikuwa mbeba mizigo katika mwalo wa Katonga, kando ya ziwa, mtu wa kutoa magunia ya dagaa wakavu vichanjani na kuyapandisha kwenye Fuso. Alitoa vidonge viwili vya tramado, akavitupia mdomoni, akavishushia na uji. Nyuma ya ukuta wa sebule, chumbani kwake, mama mkwe wake Bibiana alishusha pumzi na kukaa kitandani. Kuku wa jirani walikuwa wameshaingia jikoni, na hakuna aliyewafukuza.

Hakuna aliyeunganisha mambo yale mawili, vidonge na pumzi ya Bibiana. Selestini alikuwa ameanza vidonge kwa njia halali kabisa, siku alipoteleza na gunia kwenye ubao wa kupandia gari, zahanati ikampa vya kutuliza mgongo. Vilipokwisha akaendelea kwa Martini, mwenye duka la dawa la barabarani, ambaye hakuwa na tabia ya kuuliza cheti. Kwanza vilikuwa vya asubuhi tu, kisha na vya mchana, kisha na vya jioni. Mgongo ukanyamaza. Akawa anabeba magunia mawili kwa mpigo, na watu wa mwaloni wakampa jina la Winchi. Alilipenda sana jina hilo. Asipomeza alipiga miayo, machozi na makamasi yakamtoka, jasho likamlowesha na tumbo likamkimbiza chooni, kwa hiyo alimeza.

Bibiana alikuwa ameshuka kutoka Kalinzi kuja kulea mjukuu, wima, mkungu wa ndizi kichwani na mikono yote miwili ikining'inia bila kazi. Miaka michache baadaye alikuwa amepinda upande wa kushoto. Watu wa mtaa wao wa Kasingirima walisema ni uzee, kwa kuwa uzee haukatai kusingiziwa. Mwenyewe hakusema kitu. Katika nyumba ile mwanamume na mama wa mkewe hawakukaa mkeka mmoja, hawakupishana mlangoni, wala hawakuongelea mambo ya mwili. Selestini alitoa shikamoo akiangalia mlango, Bibiana aliipokea akiangalia ukuta, na heshima ilikuwa tele.

Aliyegundua ni Elida, mke wa Selestini. Alikuwa akimkanda mama yake kwa mawese ya vuguvugu alipokuta begani alama ya mshono wa gunia, imekolea, na kwenye ngozi iliyochubuka kulikuwa na mchanga na magamba madogo ya dagaa. Bibiana hakuwahi kufika Katonga. Ziwa alikuwa akiliona kwa mbali tu, na hakulipenda. Elida aliyabandua magamba kwa ukucha, akanawa mikono, akamngoja mumewe.

"Maumivu yako yako kwa mama," alimwambia.

Selestini aliuliza ni maumivu yapi.

"Yote. Ya bega, ya kiuno, na ya lile goti ulilogonga juzi. Wewe umelala vizuri. Yeye goti limemvimba, hata nje hajatoka."

Selestini alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ilikuwa ya saruji. Kumuumiza mtu ni jambo moja, watu huumizana na wakaombana radhi. Lakini kuingia kwenye kiuno cha mama mkwe, ukakaa humo miaka, huku kila asubuhi wewe unatoka kwenda kuitwa Winchi! Hakujua jambo la namna hiyo huombewa radhi kwa maneno gani. Jioni ile alikula ugali wake nje, amegeukia uzio.

Walikwenda zahanati kumwona muuguzi Esther, ambaye aliwasikiliza huku anakunja pamba.

"Hayapoteagi hayo," alisema. "Yanakwendaga kwa mtu wa karibu, hasa yule anayeona aibu kusema. Nimeshapata mwalimu hapa, jino lake lilikuwa linamuuma kaka yake huko Uvinza."

Alimwambia Selestini asiache vidonge kwa mara moja, kwani angeweza kuanguka degedege. Wangepunguza kidogo kidogo, vidonge vikae kwa Elida, na Esther mwenyewe awe anapita nyumbani kumwangalia.

"Na usijifungie," aliongeza. "Waambie watu. Anayejifungia na kitu hiki ndiye anayerudi nyuma."

"Na mama je?" aliuliza Elida.

"Yatarudi kwa mwenyewe kadiri anavyopunguza. Yale aliyompa bila kujua."

Selestini hakuuliza kuhusu mengine. Siku hiyo hakuwa na mengine.

Waliwaambia watu kwamba ni malaria. Selestini ndiye aliyetaka hivyo. Dotto, mwenzake wa mwaloni, alipokuja kumjulia hali, Selestini alijifunika shuka mpaka utosini na kukoroma kwa makusudi. Vidonge vilipungua, na maumivu yakaanza kurudi. Goti lilitangulia, na siku hiyohiyo Bibiana alitoka nje akaanua nguo. Kilipofuata kiuno, Bibiana aliinama akafagia uvunguni. Kila alichokipoteza Bibiana, Selestini alikipata, na juu yake kulikuwa na jasho, baridi ya katikati ya joto, na usingizi ambao ulikuwa umemhama kabisa. Alilala sebuleni na ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa, akisikia nyayo za mama mkwe zikizidi kuwa nyepesi. Ilimfurahisha, na ilimtia aibu kwamba ilikuwa inamfurahisha kwa shida.

Mchana mmoja Elida alikwenda sokoni. Miguu ya Selestini ilikuwa haitulii, kama iliyoingiwa na siafu, na bega la kushoto lilikuwa limeanza kurudi. Akakumbuka kwamba ndani ya tochi, mahali pa betri, alikuwa amewahi kuficha vidonge. Nyuma ya ukuta Bibiana alikuwa anachambua maharage. Alisikia yanavyogonga ungo. Alifungua tochi, akaviweka kiganjani, akavitazama. Alijua vinakokwenda. Hakuwa na kisingizio hata kimoja, na alivimeza.

Baada ya muda miguu ilitulia na bega likawa jepesi. Nyuma ya ukuta ungo ulianguka, maharage yakatawanyika sakafuni. Bibiana hakulia. Alikohoa kidogo tu, kikohozi kile cha wakwe cha kumjulisha mwenzio kwamba upo, kisha akaanza kuyaokota. Selestini alimsikiliza akiokota mpaka la mwisho.

"Mama," alisema kwa ukuta. "Ni mimi."

"Najua, baba."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mzigo uliletwa hapa mlangoni, nikapokea. Mtu kabeba, utamwacha apite hivihivi? Nikasema atafika mahali, ataniambia basi, nipe sasa."

Ungo uliburuzwa sakafuni.

"Ila kwetu sisi, anayepokelewa anasemaga ahsante."

Selestini alirudisha kifuniko cha tochi, akakikaza. Machozi yalimtoka, lakini siku hizo yalimtoka hata bila sababu, hivyo hayakuhesabika.

Elida aliporudi, Selestini mwenyewe alimwambia habari za tochi. Elida aliweka vitu vya sokoni chini, akaenda kumwita Esther, na akamwita na Dotto. Esther hakumgombeza mtu. Alipanga upya namna ya kupunguza, akaondoka na tochi. Dotto alikaa pembeni ya mkeka.

"Kumbe siyo malaria."

"Siyo."

"Sasa si ungesema? Haya, nipe miguu nikupokee kidogo."

Dotto alichukua ile miguu isiyotulia, akakaa nayo inamchezacheza mpaka ugali ulipoiva, kisha akamrudishia, maana ilikuwa ya mwenyewe. Jirani yao Mkongomani, mshona nguo, alichukua miayo akashona nayo gauni zima. Wanakwaya wenzake Elida walichukua baridi kwa zamu, wakaimba nayo wakiwa wamejifunika vitenge. Kila mmoja aliomba kwanza, akachukua kipande, akakifikisha mahali na kukirudisha, jinsi watu wanavyopokeana mizigo barabarani. Selestini alimwambia kila mmoja ahsante. Kwa Bibiana peke yake neno lilimkwama, na kadiri alivyochelewa ndivyo lilivyozidi kuwa zito.

Vidonge vikaisha. Selestini akaanza kulala, kula sombe la majani ya muhogo na kuumwa mgongo wake mwenyewe. Bibiana alinyooka, isipokuwa bega la kushoto, ambalo lilibaki chini. Esther alilishika, akalizungusha, akaliachia.

"Hili ni la siku ile ya tochi," alisema. "Ulilompa ukijua halirudi. Mkandeni tu."

Selestini alirudi Katonga, gunia mojamoja, akipumzika katikati. Jina la Winchi lilikuwa limehamia kwa Dotto, ambaye alibeba mawili kwa mpigo na kumeza vidonge vyake na chai mbele za watu. Mama yake Dotto, huko Ujiji, alikuwa ameanza kutembelea fimbo. Selestini alimwambia Dotto habari hiyo.

"Najua, kaka," alisema Dotto. "Nitaacha mizigo ikipungua."

Martini alikuwa ametoboa dirisha la pili dukani kwake, kwa sababu ya foleni. Asubuhi, wanawake wa Kasingirima walipita kwenda sokoni, wengi wao wameinamia upande wa kushoto, upande ambao magunia hukaa. Selestini aliwasalimia akijua yupi amebeba cha nani.

Mjukuu alipoanza shule, Bibiana alisema anarudi Kalinzi kwenye kahawa yake. Elida alimfungia dagaa na dumu la mawese kwenye kikapu. Selestini alimfuata hadi njiani, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake.

"Nikupokee, mama."

"Ahsante, baba," alisema Bibiana papo hapo, akampa kikapu.

Walitembea wameachana kidogo mpaka penye bodaboda. Selestini alifunga kikapu nyuma, akakaza mpira, akaukaza tena bila haja.

"Mama," alisema. "Ahsante."

"Haya, baba."

Bega halikupanda. Bibiana alikaa kwenye pikipiki, kanga ikamteleza begani, akaivuta. Ikateleza tena, akaiacha.