Kitanda Kilichokataa Mlango

...ya tundu moja ao ya mbili, mama Brigitte ameuliza na sasa anangoja, mikono kiunoni, nyuma ya meza yake ya misumari na kufuli hapa kando ya barabara ya Mushaki, na Léopold amezishika zote, gabari ya plastiki yenye tundu moja kushoto, ya chuma yenye mbili kulia, fundi mzima wa miaka ishirini kazini anapima vidude kama anachagua nyanya, kwani ni nini, si kifaa tu cha kuongoza keke itoboe mbao kimshazari, visi iingie ijifiche, halafu siku ya siku unaifungua kwa bisibisi, ubao huku, ubao kule, kitanda kizima unakifunga nyuma ya pikipiki... siku ya siku, mkewe Josiane alikuwa anamgeuza mama yake mkekani asubuhi, mama mkwe ambaye miguu yake imekufa tangu mvua za mwaka jana, akasema bila kumtazama, "Umutengenezee kitanda yenye inafunguka, Léo, juu siku tutakimbia tena...", hakumaliza, naye akajibu nitaenda kununua kifaa, miezi minne anajibu nitaenda, aibu gani hii... "Ya mbili njo ya muzuri, Papa, haiteleze," mama Brigitte anaisifia, ndiyo mama, naona, lakini baba angecheka, baba aliyemfundisha kazi kule Nyabiondo kwamba fundi wa visi si fundi, ulimi wa mbao uingie kwenye tundu lake, gundi, kigingi, basi, na Léopold akamtengenezea hivyo hivyo kitanda chake cha kwanza, mbao za libuyu, akakiunganishia ndani ya chumba kwa haraka zake za ujana, kipana, hakupima mlango, wee, fundi gani hapimi mlango, na baba alicheka mpaka machozi, akasema vizuri, hakuna mwizi wa kukitoa, na kweli hakuna aliyekitoa, hata siku ile risasi zilipolia juu ya kilima na wanaume wanne wakaja na miti yao wambebe mzee kitandani, ndivyo tunavyobeba wagonjwa, mgongoni hakubebeka, nyonga ilikuwa imevunjika, ukimgusa anapiga yowe, kitanda kikakwama mlangoni, wakakilaza ubavu, kikakwama, Léopold akashika msumeno, akaanza kukata kiungo alichokifunga mwenyewe, kigumu, Mungu wangu, alikifanya kigumu kweli, wale wanne wanatazama kilima, mmoja akaenda, wa pili akaenda, na baba akamshika mkono, taratibu, "Uache, mutoto wangu. Usiharibu kazi yako."

Na akaacha. Akaondoka. Josiane anajua tu kwamba mzee alikataa kutoka, watu wote wanajua hivyo, miaka tisa Léopold anawaambia hivyo na miaka tisa ana hasira na mzee aliyependa mbao kuliko roho yake, usiharibu kazi yako, kazi gani baba, kazi gani, na hiki chuma kizito mkononi, mama Brigitte anakifuta vumbi kwa kitenge chake, "iko mupya, Papa, uangalie tu"... kazi gani, baba ambaye kiti kikiyumba kidogo alikitupa jikoni kiwe kuni za maharage, chake, cha mwanawe, bila huruma, lini baba alihurumia mbao? Lini? Hata siku moja. Alisikia msumeno unavyokwenda, mzee, sikio lake la fundi, alijua bado sana, alijua kijana wake hataondoka mpaka apewe sababu, akampa hiyo, ndogo, ya uongo, ya kazi, akamshika mkono ili autoe kwenye msumeno... ee baba... na mimi nikakukasirikia, baba, miaka tisa... "Papa Léopold, moja ao mbili?" na yeye ameshika zote mbili, machozi yamemjaa machoni, kichwani anapima mlango wa kibanda chao, toka hapa mpaka hapa, anapima tena, anatoa vidole vinne vya nafasi kila upande, anapima tena.